Mlango Uliofungwa Saa ya Masomo

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kuwafundisha watoto nyumbani, maana wazazi wengi hutuuliza neno hili tunapowatembelea. Wako wanaokaa mbali na shule; wako wenye mtoto dhaifu asiyeweza mwendo; na wako wapendao mtoto asome kwanza na mama yake, kabla hajatoka kwenda kwa mwalimu. Nasi sote twaikumbuka miaka ya maradhi ya korona. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zilifungwa katika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto wa Tanzania walirudi mwisho wa mwezi wa Juni mwaka uleule. Wa Kenya walirudi wote mwezi wa Januari 2021. Na wa Uganda, wengi wao hawakuiona shule iliyofunguliwa kwa watu wote hata Januari 2022.

Siku zile kila nyumba iliambiwa kuwa shule. Katika nyumba nyingi vitabu vilikuwamo, redio ilifundisha, na mzazi ajuaye kusoma alikuwamo; walakini baada ya majuma machache masomo yalififia yakakoma. Sisi tuliowatazama jirani zetu tunalo jibu letu: masomo yale hayakuwa na saa yao. Mtoto alifungua kitabu, akaitwa kuteka maji. Akarudi, akatumwa dukani. Akarudi tena, kumbe mgeni amefika, na mkeka aliokuwa akisomea umetandikwa mgeni. Hata jioni mama akauliza, Umesoma nini leo? Naye mtoto hana la kujibu, wala si kosa lake.

Basi twawaletea habari za nyumba moja ya Uingereza, ya zamani sana, ambayo mama yake aliilinda saa ya masomo kama mtu alindavyo mbegu. Huyu ni Bibi Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley. John ndiye aliyeanzisha jamii ya Wamethodisti, ambao wajumbe wao walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Na Charles ndiye mtunga nyimbo, ambazo baadhi yake twaziimba kwa Kiswahili hata leo. Watu huwasifu wana hawa, wakamtaja mama yao kwa neno moja tu, ya kuwa alikuwa mcha Mungu. Sisi twaona yafaa kumtazama katika kazi yake ya kila siku, saa kwa saa, kwa kuwa ndiko kuliko na faida kwa nyumba zetu.

Bibi Susanna alizaliwa London mwaka 1669, binti wa mchungaji mwenye watoto wengi mno. Hakwenda chuo chochote. Alichokijua alikipata nyumbani kwa baba yake, kwa kusoma vitabu vyake na kusikiliza mazungumzo ya wageni wake. Mwaka 1688 aliolewa na Bwana Samuel Wesley, ambaye alikuwa kasisi, wakakaa Epworth, mji mdogo wa Lincolnshire, nchi tambarare yenye mabwawa. Alizaa watoto 19. Tisa walikufa wangali wachanga. Kumi wakakua, wana watatu na mabinti saba.

Msidhani ilikuwa nyumba ya raha. Bwana Samuel alikuwa mtu wa elimu, lakini fedha hakuiweza. Mwaka 1705 alitiwa gerezani katika ngome ya Lincoln kwa ajili ya deni. Yasimuliwa kwamba askofu mkuu wa York alimwuliza Bibi Susanna kama wamepata kukosa mkate, naye akajibu kwamba mkate hawakuukosa kabisa, ila taabu ya kuutafuta kabla ya kuula, na taabu ya kuulipa baada ya kuula, iliuondolea utamu wake. Tena mwenyewe aliugua mara nyingi. Twayataja haya ili mama asomaye gazeti hili asiseme moyoni, Huyo aliweza kwa kuwa alikuwa na nafasi.

Habari za utaratibu wake twazipata kwa mkono wake mwenyewe. Alipokuwa mzee, mwanawe John alimsihi amwandikie jinsi alivyowalea, naye akamjibu kwa barua ndefu ya tarehe 24 Julai 1732. Barua hiyo yasomwa mpaka leo, nayo haina maneno ya fahari. Ni kama mtu aelezaye jinsi ya kupika chakula alichokipika miaka mingi.

Siku ya watoto wa Epworth ilianza kwa kusali. Mtoto alipoanza tu kusema, alifundishwa Sala ya Bwana, akaisema aamkapo na alalapo. Wadogo wasioweza bado kupiga magoti wala kunena walizoezwa kukaa kimya wakati wa sala ya nyumba, na kuomba baraka ya chakula kwa ishara ya mikono. Hakuna aliyekula ovyo kati ya chakula na chakula, wala aliyeingia jikoni kumwomba mtumishi kitu cha kutafuna. Waliketi, wakala walichopewa. Na mtoto aliyetaka kitu kwa mtumishi sharti aseme kwa adabu, Tafadhali nipe; hata mtumishi akilaumiwa kwa kumpa bila neno hilo. Ndugu hawakuitana kwa majina matupu. Sharti lilikuwa kutanguliza neno la kaka au dada. Haya hayawezi kuwa mageni kwetu, ambao twajua tangu utoto kwamba jina tupu la mkubwa halitamkwi mdomoni mwa mdogo. Lakini yatufaa kukumbuka kwamba si adabu ya Afrika peke yake.

Saa tatu ya asubuhi mlango wa chumba cha masomo ulifungwa. Watoto walisoma hata saa sita, wakatoka kula na kupumzika, wakarudi saa nane, wakasoma hata saa kumi na moja. Katika muda huo hapakuwa na kupiga kelele, wala kucheza, wala kuondoka mahali pako bila sababu njema. Na kukimbilia uani, bustanini au njiani bila ruhusa lilihesabiwa kosa kubwa. Saa kumi na mbili, baada ya sala ya nyumba, walikula chakula cha jioni. Saa moja mtumishi aliwaosha, akianza na mdogo kuliko wote, na ilipofika saa mbili wote walikuwa kitandani. Mtumishi akawaacha hali wako macho, maana katika nyumba ile hapakuwa na desturi ya kuketi karibu na mtoto mpaka usingizi umchukue.

Lakini katika barua hii yote, neno tulilolisoma mara nyingi kuliko mengine ni habari ya siku iliyotangulia masomo ya kila mtoto. Mtoto alipokaribia kuanza kusoma, mama yake aliitengeneza nyumba siku moja kabla. Kila mtu alipewa kazi yake, na watu wote wa nyumbani wakaagizwa kwamba pasiwe na yeyote aingiaye chumbani tangu saa tatu hata saa sita, wala tangu saa nane hata saa kumi na moja. Fahamuni maana yake. Kabla ya kumfundisha mtoto herufi moja, alikwisha kuifundisha nyumba nzima. Mpishi alijua, mtumishi alijua, dada mkubwa alijua, na baba wa nyumba alijua. Ndipo mtoto akaingizwa, naye akaona kwa macho yake kwamba leo pana jambo kubwa, hata wakubwa wamenyamaza kwa ajili yake.

Siku hiyo moja ilitosha kujifunza herufi zote. Watoto wote waliziweza kwa siku moja, isipokuwa Mary na Anne, ambao walichukua siku moja na nusu. Na mama yao anasema aliwadhania wazito wa akili, mpaka alipokuja kuona jinsi watoto wa watu wengine wanavyochukua muda mrefu katika kazi hiyohiyo. Mwalimu asomaye haya asihuzunike kama watoto wake wanakaa na herufi muda wa muhula. Yeye anao arobaini na zaidi katika chumba kimoja; Bibi Susanna alikuwa na mmoja tu siku hiyo.

Umri wa kuanza ulikuwa miaka mitano kamili, wala si chini. Mara moja tu sheria hii ilivunjwa, kwa Kezia, kitinda mimba, kwa kuwa wengine walimshurutisha mama yake aanze mapema. Naye akachukua miaka mingi kuliko miezi waliyoichukua ndugu zake. Wazazi wanaojisifu kwamba mtoto wa miaka mitatu ametiwa darasani na walifikiri jambo hili.

Kitabu chao cha kwanza kilikuwa Biblia, sura ya kwanza ya Mwanzo. Mwana wa kwanza, Samuel, alikuwa amechelewa sana kusema, hata watu wakamwogopea. Akatimiza miaka mitano tarehe 10 Februari, na siku ya pili yake akaanza. Alipokwisha kuzijua herufi alifundishwa kuendeleza mstari wa kwanza, kisha kuusoma tena na tena hata asikwame, ndipo wa pili, hata akaweza kuchukua mistari kumi kwa somo moja. Ilipofika Pentekoste ya mwaka uleule aliweza kusoma sura nzima vizuri. Hapa twapenda kusema kidogo na walimu wenzetu. Mnajua kwamba Kiingereza huandikwa namna moja na kutamkwa namna nyingine, hata mtoto akashindwa kukisia. Kiswahili chetu hakina hila hiyo. Ajuaye ba, be, bi, bo, bu ameshika ufunguo wa nyumba nzima. Ikiwa mtoto wa Kiingereza aliweza hayo tangu Februari hata Pentekoste, mtoto wa Kiswahili mwenye saa yake iliyolindwa hana sababu ya kushindwa.

Siri nyingine ilikuwa kurudia. Yasimuliwa kwamba siku moja Bwana Samuel aliketi akahesabu mara ambazo mkewe alimwambia mtoto mmoja neno lilelile, zikafika ishirini. Akastaajabu, akamwuliza kwa nini anajichosha hivyo. Naye akamjibu kwamba kama angaliishia mara ya kumi na tisa, taabu yake yote ingalipotea bure, maana mtoto ameelewa mara ya ishirini. Wako walimu wenye vyeti wasiofika hata mara ya tano kabla ya kushika fimbo.

Na kwa kuwa tumetaja fimbo, tuseme wazi. Bibi Susanna aliitumia. Anaandika kwamba watoto wake, tangu walipotimiza mwaka mmoja au hata kabla, walifundishwa kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ndogo, na kwamba kazi ya kwanza ya mzazi ni kuyashinda mapenzi ya mtoto. Katika hayo hatumfuati, wala hatuwashauri ninyi kumfuata. Mtoto wa mwaka mmoja hulia kwa kuwa hana neno jingine. Tumewaona watoto waliozoezwa kunyamaza kwa hofu. Hunyamaza hata wanapoumia, na mzazi huwa wa mwisho kujua.

Hata hivyo ni haki kuziangalia sheria alizojiwekea mwenyewe juu ya adhabu, maana nyumba nyingi zimeshika fimbo yake zikaziacha sheria zake. Mtoto aliyekosa, akaungama kosa lake kwa kweli na kuahidi kutolirudia, hakupigwa. Kwa maana aliona hofu ya kupigwa ndiyo inayowafundisha watoto uongo. Hakuna mtoto aliyepigwa mara mbili kwa kosa moja, wala aliyekumbushwa baadaye kosa lililokwisha. Mtoto akitenda kwa nia ya kupendeza, hata kama kazi yenyewe imeharibika, nia yake ilipokewa kwa wema, kisha akaonyeshwa njia iliyo bora. Mali ya kila mtoto ilikuwa yake, hata ikiwa pini. Ndugu yake hakuruhusiwa kuichukua bila idhini. Ahadi ilitimizwa. Kitu kilichokwisha kutolewa hakikudaiwa tena.

Sheria ya mwisho twaomba isomwe kwa sauti katika kila nyumba inayopokea gazeti hili. Hakuna binti aliyefundishwa kushona kabla hajajua kusoma vizuri sana. Baada ya hapo alishona, naye alipewa kazi ya mkono kwa muda uleule aliokuwa amepewa kusoma. Bibi Susanna anaeleza sababu: mabinti wengi hutiwa katika kazi ya sindano kabla ya kusoma vema, na ndiyo maana wanawake wachache tu wa siku zake waliweza kusoma kwa namna inayopendeza kusikilizwa. Aliyaandika haya karibu miaka 300 iliyopita. Kwetu si sindano, ni sufuria na ndoo. Binti huitwa jikoni kabla kaka yake hajaitwa shambani, tena huitwa katikati ya mstari. Miaka ile ya korona ilipokwisha na kengele za shule zikalia tena, wako mabinti wasiorudi. Wengine wameolewa, wengine wamechukua mimba, wengine wamekuwa yaya katika nyumba za watu. Hawakupotea siku moja. Walipotea kidogo kidogo, kila walipoondolewa kitabuni kwa kazi ambayo ingaliweza kungoja.

Nyumba ya Epworth nayo ilipata kufungiwa shule yake. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 nyumba ya kasisi ilishika moto. Bibi Susanna alikuwa mja mzito, karibu kumzaa Kezia, akapita katika miali ya moto hata akatoka. John, mwenye umri wa miaka mitano, alisahauliwa ghorofani. Akaonekana dirishani, na mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenzake akamtoa, muda mfupi kabla paa halijaanguka. Watoto wote walipona. Lakini nyumba, vitabu na karatasi viliteketea, nao watoto wakagawanywa katika nyumba za watu mbalimbali mpaka nyumba mpya ijengwe.

Kilichofuata kiliumiza moyo wa mama yao. Walipokaa kwa watu walipata uhuru wote: walizungumza na watumishi watakavyo, walikimbia njiani, walicheza na mtoto yeyote, mwema na mbaya. Wakajifunza nyimbo zisizofaa, wakaacha kuitunza Jumapili, na usemi wao na adabu zao vikaharibika. Kazi ya miaka mingi ililegea katika muda usio mrefu. Sisi hatuoni kwamba watu waliowapokea walikuwa wabaya. Waliwapa watoto paa na chakula, nayo ni sadaka kubwa. Lakini katika nyumba zile hapakuwa na mlango uliofungwa saa tatu.

Walipokusanyika tena katika nyumba mpya, Bibi Susanna hakuishia kulalamika. Alianza upya, akaongeza mambo mawili. La kwanza, masomo yakaanza na kumalizika kwa kuimba zaburi, asubuhi na jioni. La pili ni hili, nalo ni la hekima sana: kila jioni saa kumi na moja, mtoto mkubwa kuliko wote alimchukua mdogo kuliko wote ajuaye kusema, wa pili akamchukua amfuataye, na hivyo hivyo, wakaenda wawili wawili, wakasomewa zaburi za siku na sura moja ya Agano Jipya. Asubuhi walifanya vilevile, kwa zaburi na sura ya Agano la Kale, kisha kila mmoja akaenda kusali peke yake, ndipo wakapata chakula cha asubuhi. Hivyo mama alijipatia walimu wasaidizi ndani ya nyumba yake, na yule mkubwa aliyesahau mengi kwa jirani alijifunza tena kwa kumfundisha mdogo. Nyumba ile iliyojengwa baada ya moto ingali imesimama Epworth hata leo, na watu huenda kuitazama.

Sasa tuje kwetu. Tukiwaeleza wazazi habari hizi, akina mama husikiliza kwa adabu, kisha mmoja huuliza neno ambalo ni la haki kabisa: Ni nani atakayeteka maji saa tatu? Bibi Susanna, pamoja na madeni yote, alikuwa na watumishi wa kufua, kupika na kuosha watoto. Mama wa kwetu ndiye mtumishi. Huamka alfajiri, huwasha moto, huenda shambani au sokoni, na jua likichwa bado yuko miguuni. Kumwambia mama huyu afundishe saa sita kila siku ni kumtwika mzigo juu ya mzigo, na kumlaumu anapoanguka. Tumewasikia akina baba wakisema kwa furaha, Mama yao atawafundisha. Kisha saa ileile ya kufundisha wakauliza chakula ki wapi.

Kwa hiyo twaona kwamba shule ya nyumbani haianzi kwa mama, bali kwa shauri la nyumba nzima, kama ile siku iliyotangulia masomo kule Epworth. Baba na aseme mbele ya wote kazi gani ameichukua yeye. Kama ni maji, ayateke, au amtume kijana mkubwa. Jirani na waambiwe kwamba saa fulani mlango umefungwa, tena waambiwe kwa upole na mapema, maana kwetu mlango uliofungwa hudhaniwa kuwa ni ugomvi au ugonjwa. Tunaijua nyumba moja ambamo mama hutundika kanga ile ile mlangoni kila siku saa ya masomo. Mwanzo watu walinung'unika, sasa hata muuza samaki akiiona kanga hupita kimya akarudi baadaye.

Saa sita hazihitajiki. Nyumba ya mkulima yaweza kupata saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, na saa moja jioni kabla giza halijaingia, wakati taa bado haijaanza kula mafuta. Saa mbili zilizo imara zashinda siku nzima ya kuitwa-itwa. Na mama asiyejua kusoma asijiondoe. Aweza kushika saa, kumketisha mtoto mkubwa na mdogo wake, na kusikiliza. Mtoto hujua sana kama anasikilizwa au la. Wengine wamejifunza kusoma wenyewe kwa njia hiyo, wakiwa wameketi kando wakichambua mchele.

Wala asidhani mtu kwamba kufundisha nyumbani ni kushindana na mwalimu wa shule. Wana watatu wa Epworth walipokua walipelekwa shule London, kisha Oxford. Mabinti hawakupelekwa, kwa kuwa hakuna chuo kikuu cha Uingereza kilichowapokea wanawake siku zile. Yasemwa kwamba Mehetabel aliweza kusoma Agano Jipya kwa Kiyunani alipokuwa na miaka minane tu, naye alitunga mashairi mazuri; walakini elimu hiyo haikumfungulia mlango, na ndoa yake ilikuwa ya huzuni. Emilia alipata kazi ya kufundisha, nao mshahara wake ulikuwa mdogo. Mama yao aliwapa vyote alivyokuwa navyo, hata wakawa wasomaji kupita wanawake wengi wa nchi yao. Kilichobaki hakikuwa mikononi mwake. Mzazi wa leo mwenye binti aliyefundishwa vema nyumbani anayo shule ya kumpeleka, naye asimzuie.

Liko jambo moja zaidi, ambalo hata mama aliyechoka kabisa aweza kulitenda. Katika majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, Bwana Samuel alikuwa London kwa kazi ya kanisa. Binti yake Emilia alikiona katika chumba cha vitabu cha baba yake kitabu chenye habari za wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark huko Tranquebar, India, walikofika mwaka 1706. Bibi Susanna alisomewa kitabu hicho, na moyo wake ukawaka siku nyingi. Yeye hakuweza kwenda India. Akafikiri, akaona aanze na wale waliolala chini ya paa lake. Ndipo akaweka jioni moja ya kila juma kwa kila mtoto, kuzungumza naye peke yake, pasipo ndugu zake, juu ya mambo ya roho yake na yale yaliyomsumbua. Katika barua aliyomwandikia mumewe mwezi wa Februari 1712 ametaja zamu zenyewe: Jumatatu Mary, Jumanne Mehetabel, Jumatano Anne, Alhamisi John, Ijumaa Martha, Jumamosi Charles, na Jumapili Emilia na Susanna pamoja.

Katika jioni hizo hapakuwa na herufi wala hesabu, wala kupimwa. Mtoto mmoja kati ya wengi alikuwa na mama yake mzima kwa muda ule. John alikuwa na umri wa miaka minane zilipoanza. Miaka ishirini baadaye, alipokuwa mwalimu katika chuo cha Lincoln kule Oxford, na wanafunzi wakimjia kutaka shauri, alimwandikia mama yake akimsihi amtengee tena ile sehemu ndogo ya jioni ya Alhamisi, kama alivyokuwa akimpa zamani.